Dakika Nane za Port Harmon

Pellow, Ontario
3 Septemba 1996

Mwanangu Arvo,

Nakusalimu kwanza kabisa, maana ukishaanza kusoma magomvi yangu hutakumbuka kama nilikusalimu. Huku sote wazima. Baba yako yuko barabarani na magogo yake tangu Jumapili. Lori limebadilishwa breki na sasa analisifu kama amelizaa yeye. Jana tumemwaga maji ya kwanza uwanjani, wiki ijayo barafu itakuwa tayari, na mji mzima umeshaniletea viatu vya barafu ninoe vyuma vyake. Vingine vina kutu utadhani vililala ziwani. Mashine ya kunolea imeshanila sikio la kushoto na sasa inalitamani la kulia, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia nusu na kujibu robo.

Bi. Doreen amenitumia kadi kusema umefika Bracken Falls kwenye timu yako ya ligi ndogo, umepewa chumba kizuri na unakula. Namshukuru, si kila mtu atakubali kumlisha beki wa hoki ya barafuni wa miaka kumi na saba asiye wake. Lakini wewe mwenyewe hujaniambia neno moja kuhusu zile siku mbili ulizopitia kwenye kambi ya timu ya Port Harmon kabla ya kufika huko.

Nikukumbushe, ingawa najua hujasahau. Kocha Lindahl wa chuo cha Michigan alisema mbele yako, mkate wangu wa iliki ukiwa mdomoni mwake: kijana akicheza mechi moja tu na timu ya ligi kubwa ya vijana, hata ya kirafiki, hata dakika tano, vyuo vya Marekani vinamfungia mlango, kwa kuwa ligi ile huwalipa posho. Kambini kwao unaruhusiwa saa arobaini na nane tu. Unateleza, wanakuona, unapanda basi. Ndiyo maana nilikukatia tiketi mapema, basi la saa kumi na mbili jioni, tarehe ishirini na nane.

Ulilipanda? Nakuuliza tu. Mimi wiki ile sikuwa nyumbani siku moja, nilikwenda kushughulikia jino, nikarudi nimechoka.

Niandikie.
Shangazi yako, Aili

*

Bracken Falls
19 Septemba 1996

Shangazi, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Mimi sijambo, ila miguu haitulii. Bi. Doreen anapika kama anayelisha timu nzima, na mumewe, Mzee Gilles, anakoroma mpaka glasi zinagongana kabatini. Wananipenda. Tumeshinda mbili, tumepoteza moja. Mwambie baba nimefunga bao, asiulize lilivyofungwa.

Basi nililipanda. Port Harmon nilikaa siku mbili kama ulivyosema. Tuliteleza tu.

Hapa uwanjani wanakuja watu mia tatu, na nusu yao ni wazazi. Msaka vipaji alikuja mmoja Ijumaa, akasinzia kipindi cha pili. Juni ijayo timu za kulipwa zitachagua wachezaji wapya kwa kuita majina ya rika letu, shangazi, na kila ninayemjua ameshaondoka kwenda ligi kubwa, ambako wasaka vipaji wanakaa safu nzima na vidaftari vyao. Lindahl anasema mwili wangu unahitaji miaka minne na sahani nyingi za wali na nyama. Bwana Mulcahy, meneja wa Port Harmon, anasema unahitaji mechi sabini kila msimu. Anapiga simu kila Jumapili. Simu iko jikoni, na jikoni ndiko kila mtu anakoishi, kwa hiyo namjibu ndiyo na hapana. Ananiahidi namba ya kudumu, na kila msimu nitakaocheza timu itanilipia mwaka mmoja wa chuo baadaye, hapa Kanada. Siku nyingine nalala nimeamua, naamka nimeamua kinyume chake.

Nimekutumia viatu kwa basi la mizigo. Yule wa hapa ananoa kama anakata kuni.

Arvo wako

*

Pellow
2 Oktoba 1996

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote, pamoja na mbwa wa jirani ambaye bado analala mlangoni kwako. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Viatu vyako nimevinoa na kuvirudisha leo. Huyo wa huko usimpe tena.

Barua yako ilikuwa ndefu sana kuhusu mkoromo wa Mzee Gilles na fupi sana kuhusu Port Harmon. Sawa. Mimi nitakueleza kitu ambacho baba yako hakuelezi. Unajua kwamba alicheza Port Harmon misimu mitatu, ile picha iko ukutani. Unachokijua kinaishia kwenye picha. Msimu wa tatu, wakiwa safarini, basi lilisimama kununua mafuta. Kocha akamwita nje, akamwambia amebadilishwa na mchezaji wa timu nyingine, aende kuchezea huko. Begi lake likateremshwa, na basi likaondoka na wenzake wote. Akabaki pale kituoni na fimbo zake mbili za kuchezea, akingoja basi la upande wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa na elimu ya darasa la kumi tu. Mpaka leo hajazi mafuta kituo kile, hata tangi likiwa limekauka. Zaidi ya hapo sisemi, ni yake.

Sasa fomu ya chuo imefika. Maswali kumi na mawili. Nimejaza yote isipokuwa la tisa, nalinakili hapa: "Je, mwombaji amewahi kushiriki katika mechi yoyote, rasmi au ya kirafiki, akiwa na timu ya ligi kubwa ya vijana?" Chini ya ukurasa mlezi anaweka sahihi kwamba yote ni kweli. Nikipata jibu lako nitalijaza.

Mshika mbili moja humponyoka, Arvo. Hilo unalijua.

Shangazi

*

Bracken Falls
27 Oktoba 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usikasirike kwa kimya. Nilipigwa begani na kisahani cha mpira mgumu katikati ya mechi, nikakaa nje mechi tatu. Sasa ni bega la kijani lakini linafanya kazi. Shule nasoma. Bi. Doreen amenifuma soksi. Baridi imeingia kweli, asubuhi gari la Mzee Gilles linakataa kuwaka mpaka atukane kwa Kifaransa.

Mulcahy alikuja mwenyewe wiki iliyopita, akakaa nyuma ya kipa kipindi chote cha tatu akitafuna mbegu za alizeti. Baada ya mechi alinisalimia kama ndugu. Sikupenda.

Kuhusu swali la tisa, jaza kama ulivyojaza mengine.

Baba asiambiwe kuhusu bega.

Arvo

*

Pellow
4 Novemba 1996

Arvo,

Wazima. Mengine niliyajaza kwa ukweli.

Lindahl anakuja kwenu tarehe 23, Jumamosi, kukutazama na kuchukua fomu. Bi. Doreen ameshakubali kumpa chakula.

Shangazi

*

Bracken Falls
12 Novemba 1996

Shangazi,

Leo sisalimii vizuri, nisamehe. Nimechana barua nne kabla ya hii.

Nilicheza.

Siku ya pili kambini kulikuwa na mechi ya kirafiki saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeshavaa nguo za nyumbani, begi begani. Asubuhi ile beki wao mmoja, Duguay, alikuwa amevunjika kifundo mazoezini. Mulcahy akanifuata ukumbini.

"We mtoto wa Reino, unakwenda wapi?"

"Kituo cha basi. Linaondoka saa kumi na mbili."

"Mechi inaisha saa kumi na moja na nusu. Basi hulikosi."

Nikamwambia siruhusiwi kucheza, nitapoteza chuo. Akanitazama kana kwamba nimemwambia naogopa giza.

"Nani kasema unacheza wewe? Jezi haina jina. Karatasi ya mechi naiandika mimi. Anacheza Duguay."

"Duguay yuko hospitali."

"Basi leo atacheza vizuri kuliko siku zote."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, shangazi, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa bado nacheka wakati mtu ananifunga kamba za viatu. Wakanipa jezi namba arobaini na moja.

Nilicheza dakika nane, nimezihesabu moja moja. Watu elfu tatu. Kuna jitu moja la upande wa pili, ndevu kamili, lilinijia kando ya ubao unaozunguka barafu, nami sikukwepa. Nililibana, nikachukua kisahani, nikatoa pasi ndefu katikati ya watu wawili, na bao likaingia. Nikasikia uwanja mzima ukiinuka. Sijawahi kucheza vile. Ningekuwa nimecheza vibaya ningekwambia siku ileile, ungenigombeza, yakaisha. Lakini nilicheza vizuri, na tangu siku ile chochote nikifanyacho hapa nakiona kidogo.

Halafu nikapanda basi. Hilo sikukudanganya.

Simu za Jumapili si za kuuliza hali. Mulcahy anasema: "Ile karatasi niiache ilivyo, au nirekebishe jina?" Anasema huku anacheka. Nikienda kwake, karatasi haina maana tena. Nikienda Michigan, ataikumbuka. Nilidhani nikikaa kimya njia zote mbili zitabaki wazi. Sasa nasimama katikati na sitembei, na usiku nalala na kuamka kama mgonjwa.

Nakuomba kitu kibaya. Andika hapana. Duguay hatasema, aliambiwa alicheza vizuri na amefurahi. Mulcahy naye akinitia hofu mno anajitia mwenyewe matatani, karatasi ni mwandiko wake. Nani mwingine anajua?

Arvo

*

Pellow
17 Novemba 1996

Mwanangu Arvo,

Baba yako mzima, mimi mzima, barafu nzuri. Nimemaliza salamu.

Unauliza nani mwingine anajua. Mimi najua. Nilikuwa safu ya juu kabisa, chini ya ubao wa matokeo, na chupa yangu ya chai. Jino halikuwa na shida yoyote. Niliendesha saa nne kuja kuhakikisha kwamba unapanda lile basi, kwa sababu sikukuamini. Haya, na mimi sikuaminika.

Namba arobaini na moja nilimjua kabla hajagusa kisahani. Viatu vile nimevinoa tangu una miaka sita, tangu wiki tuliyomzika mama yako, najua mguu wako wa kulia unavyosukuma na wa kushoto unavyofuata kwa uvivu. Nilipaswa kushuka ngazi zile na kukutoa kwa sikio mbele ya watu elfu tatu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ulipokuwa umekaa benchi zamu ya kwanza nilisema, akikaa tena nashuka. Ukakaa tena. Sikushuka.

Kisha ukatoa ile pasi, nami nikasimama. Mimi, ninayekuhubiria chuo tangu ukiwa darasa la nne. Nilipiga kelele mpaka mama aliyekaa mbele yangu akageuka, nikamwambia, "Yule ni wetu." Chuo sikukikumbuka hata kidogo. Nilirudi nyumbani gizani nikiimba.

Ulipokuja kuniandikia kwamba mliteleza tu, nilikasirika mno. Nikaanza kukutega kwa barua, swali la tisa hivi, swali la tisa vile, nikitaka useme mwenyewe. Wiki nane nimekuwa nikikuita mwongo moyoni, na kumbe mwongo wa kwanza alikuwa kwenye safu ya juu anakunywa chai. Nisamehe. Kama ningeshuka zile ngazi, leo tusingekuwa na la kuandikiana.

Fomu nimeiambatanisha. Hapana sitaandika. Ndiyo pia sitaandika, maana aliyecheza si mimi. Sahihi yangu nimeshaiweka chini kwa wino, mstari wa tisa ni mtupu. Utakachokiandika pale, mimi nimeshakisaini, kiwe kweli au uongo. Ukiandika uongo tutakuwa waongo wawili na sitakulaumu peke yako.

Nataka uende chuo kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote duniani. Naogopa sana, Arvo.

Shangazi Aili

*

Bracken Falls
28 Novemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako siku tatu mfukoni, hata kwenye mazoezi ilikuwa ndani ya soksi. Bado siamini kwamba ulikuwa pale. Umenichekesha, halafu nikaenda bafuni nikalia, Bi. Doreen akadhani ni bega.

Lindahl alikuja Jumamosi. Nilimpa fomu kabla hajavua koti, kwa sababu nilijua akishakaa na kuanza kunisifu sitaweza. Niliandika: "Ndiyo. Dakika nane, Port Harmon, 28 Agosti, kwa jina la mtu mwingine." Akaisoma amesimama mlangoni, theluji ikidondoka viatuni mwake. Akaisoma tena.

"Ungeandika hapana," akasema, "ningeondoka hapa leo na beki."

"Najua, kocha."

"Nimeendesha saa sita."

"Najua. Samahani."

Alikaa kwa sababu Bi. Doreen alimlazimisha. Akala pai ya nyama kipande kizima. Wakati wa kuondoka alinipa mkono, akasema pole. Neno hilo tu, shangazi. Nikwambie ukweli, nilitegemea kitu. Nilitegemea kwamba kuna mlango mdogo wa nyuma kwa wanaosema kweli. Haupo. Gari lake lilikunja kona na chuo kikaenda nalo.

Jumapili Mulcahy akapiga simu kama kawaida.

"Vipi, ile karatasi yetu, niiache au nirekebishe?"

"Rekebisha," nikamwambia. "Chuo nimeshawaambia mwenyewe. Kocha wao ameondoka jana."

Nikasikia anavyotafuna mbegu zake. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayeangalia ng'ombe mnadani. "Kumbe huna pa kwenda sasa. Haya, njoo baada ya Krismasi, tutakuangalia wiki mbili." Namba ya kudumu imeyeyuka. Mwaka wa chuo kwa kila msimu, hata hakuutaja.

Jikoni walikuwa wote, Bi. Doreen, Mzee Gilles, mpaka paka. Nikasema bila kushusha sauti: "Nina pa kwenda. Hapa nina kitanda na timu. Nitacheza hapa mpaka Juni, waite jina langu wasiite. Ukinitaka, nataka mambo mawili kwenye karatasi, na juu yake jina langu mwenyewe. Mwaka mmoja wa chuo kwa kila msimu nitakaocheza, hata kama ni msimu mmoja. La pili, mkinibadilisha na mchezaji mwingine, niambiwe nikiwa chini ya paa, na nipelekwe ninakokwenda. Si kwenye kituo cha mafuta."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Baba yangu alichezea timu yenu."

Akakata simu. Siku nne sikula vizuri. Mzee Gilles akaanza kunifariji kwamba Bracken Falls si pabaya, ana binamu yake anauza trekta na anahitaji kijana mwenye nguvu. Leo asubuhi mkataba umeingia kwenye faksi ya ofisi ya Mzee Gilles. Mambo yote mawili yamo. Lile la kituo cha mafuta Mulcahy ameliandika kwa maneno yangu yaleyale, sijui kwa dharau au kwa nini. Nimekutumia nakala, baba asaini kama mzazi.

Naripoti tarehe mbili Januari. Sijui kama nimechagua au nimebakiwa na kilichobaki. Wewe unaonaje?

Arvo

*

Pellow
8 Desemba 1996

Mwanangu Arvo,

Salamu nyingi, na safari hii za kweli.

Niliposoma kwamba Lindahl ameondoka nililia pale pale kwenye meza ya kunolea, mtoto wa watu akanisimamia na viatu vyake mkononi asijue aende au akae. Nililia kwa ajili ya kile chuo na sioni aibu. Nilikuwa nimeshakiona, hata rangi ya matofali yake. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakuna methali inayokataza mtu kuyasikitikia.

Mkataba nilimpa baba yako alipotoka barabarani. Alivaa miwani yake, akausoma kwa sauti kama anavyosoma gazeti, mambo ya posho, mambo ya bima. Akafika pale pa kituo cha mafuta, akasimama. Akasoma ile sentensi mara ya pili, polepole, bila sauti. Hakuniuliza nani alikuambia. Akatoka nje bila kofia, akaingia kwenye lori, akaliwasha, akakaa humo nusu saa bila kwenda popote. Sikumfuata. Aliporudi ndani alisaini, akaandika jina lake lote, Reino Johannes Kangas, herufi kubwa, akasema, "Mwambie ni mkataba mzuri." Kwa baba yako hiyo ni hotuba.

Unaniuliza ninaonaje, umechagua au umebakiwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba mpaka Novemba ulikuwa na njia mbili na hukuwa na usingizi. Sasa una moja na umeitia sahihi kwa jina lako. Juni wakiita jina lako nitafurahi, wasipoliita nitatukana kwa Kifini, na asubuhi yake utaamka bado una mwaka wa chuo ulioandikwa kwenye karatasi. Ukicheza misimu miwili, miwili.

Lakini chuo hakimpokei mtu asiyemaliza sekondari, na nimeuliza huku na huku. Mechi za Port Harmon ni za jioni, basi linarudi alfajiri, na vijana wengi pale wanaacha shule kabla ya Pasaka, hakuna anayewauliza. Alhamisi nilifunga chumba cha kunolea, nikaendesha saa zile nne, nikaenda kuonana na mwalimu mkuu wa sekondari ya pale. Mwanamke mkali, nimempenda. Darasa linaanza saa mbili na robo asubuhi, basi liwe limechelewa au halikuchelewa. Ukikosa siku mbili ataniandikia barua, na mimi najua njia ya kuja.

Unaanza Jumatatu, tarehe sita Januari. Dawati la mbele, nimelichagua mwenyewe.

Shangazi yako,
Aili